Mpasuaji na Hesabu ya Siku

Katika maswali yote ambayo jamaa wa mgonjwa humwuliza mganga, liko moja linaloulizwa kwa sauti ya chini, mlangoni, mgonjwa akiwa nyuma ya pazia: Je, amebakiwa na muda gani? Swali ni fupi, na jibu lake aghalabu ni fupi vile vile. Mtu huambiwa miezi mitatu, au mwaka, akashukuru, akaenda zake. Walakini jibu hilo likishatoka kinywani hufanya kazi kubwa kuliko dawa nyingi. Kwa neno hilo ng'ombe huuzwa au huachwa zizini. Mwana aliye mbali huitwa au huambiwa asubiri. Shamba hugawanywa au hungoja mavuno. Nia yangu katika insha hii ni kuitazama historia ya jibu hilo, hasa linapotolewa na mpasuaji juu ya mgonjwa wa saratani ambaye kisu hakitamponya bali kitampa nafuu tu. Nataka kujua lina ukweli kiasi gani, na linapopotoka, linapotoka kwa sababu gani.

Mimi si mganga. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na msomaji ataniwia radhi nikianza na maneno. Kukadiria ni kupima kwa akili. Kadari ni yale aliyokwisha kuyapanga Mungu. Na maneno haya mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Mpasuaji anapokadiria, mkulima wa Bunda au wa Butiama husikia kadari. Neno ajali nalo, ambalo siku hizi twalitumia kwa basi lililopinduka, kwa matumizi ya kale lilikuwa muda wa uhai uliowekewa mtu, usiozidi wala kupungua. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, na Wayunani wa kale pia waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyo huyo. Tiba ya kumtuliza mtu asiyeponyeka twaiita tiba shufaa, na shufaa ni uombezi. Mwombezi haahidi. Nadhani waliolichagua neno hilo walijua walitendalo.

Mwaka 2011 baba yangu mkubwa, mkulima wa pamba upande wa Bunda, si mbali na Ghuba ya Speke, alianza kutapika kila alichokula. Alikonda kwa muda wa miezi miwili mpaka pete yake ikawa haikai kidoleni. Alipelekwa Musoma, na kutoka Musoma akaelekezwa kwenye hospitali kubwa zaidi, ambayo sina haja ya kuitaja. Huko alionekana ana uvimbe ulioziba mlango wa chini wa tumbo, nao ulikuwa umekwisha kufika ini. Mpasuaji, mtu mpole na mwenye mikono ya haraka, alitueleza bila kuficha kwamba uvimbe ule hauondoleki. Aliloweza kufanya ni kuliunganisha tumbo na utumbo mwembamba mahali pengine, ili chakula kipate njia ya kuzunguka palipozibwa. Tukauza ng'ombe wanne. Kazi ilifanywa, na ilifanywa vizuri. Siku ya kuruhusiwa nilimfuata mpasuaji mlangoni nikauliza swali lile. Akanitazama kidogo, akasema, “Mwalimu, mzee ana nguvu bado. Mwaka mmoja, na Mungu akipenda hata zaidi.”

Baba mkubwa alikuwa na mwana mmoja aliyefanya kazi Mtwara. Kati yao palikuwa na jambo lililohusu shamba la marehemu mama wa kijana huyo, jambo la miaka mingi, ambalo mzee alisema atalieleza kwa kinywa chake mbele ya mwanawe, wala hatalituma kwa mtu. Tulimpigia simu ndugu yetu. Tulimwambia habari zote, pamoja na neno la mpasuaji. Akahesabu, akaona afadhali aje baada ya miezi mitano, atakapopata likizo yake nzima. Sote tuliona ni shauri jema. Mzee mwenyewe alilikubali. Alifariki siku ya sitini na moja baada ya upasuaji. Ndugu yetu alifika siku tatu baada ya maziko, na jambo la shamba halijaelezwa mpaka leo.

Sitaki msomaji adhani kwamba upasuaji ule ulikuwa bure. Kwa zaidi ya wiki sita mzee alikula uji, ndizi zilizopondwa na mchuzi wa sato, bila kutapika. Alikaa nje jioni akizungumza na wenziwe. Tuliyoyanunua kwa ng'ombe wanne tuliyapata. Mpasuaji alikuwa amejibu maswali mawili: la kwanza, kama kisu kitamtuliza, la pili, kitamtuliza kwa muda gani. Katika la kwanza alisema kweli kabisa. Katika la pili alikosea mara sita.

Upasuaji aliofanyiwa una historia inayojulikana. Mwaka 1881, mwezi Januari, mjini Vienna, mpasuaji mashuhuri Theodor Billroth alikata sehemu ya chini ya tumbo la mwanamke mwenye saratani, akaliunganisha tena, na mgonjwa akaishi. Habari zikaenea Ulaya yote kama habari za ushindi wa vita. Mwanamke yule alifariki miezi minne baadaye kwa saratani ile ile. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, msaidizi wa Billroth aitwaye Anton Wölfler alifungua tumbo la mgonjwa mwingine akakuta uvimbe hauwezi kutolewa. Badala ya kulifunga na kukata tamaa, aliunganisha tumbo na utumbo mwembamba ili chakula kipite. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mpasuaji alipoanza kazi mpya: kukata bila kudai kuponya. Kazi hii ilikua. Mwaka 1924, huko London, Henry Souttar alieleza mrija wa waya uliosokotwa, wa kupitishwa katika umio lililozibwa na saratani ili mgonjwa apate kumeza. Na baadaye ikaja mirija ya plastiki, kisha ile ya siku hizi inayopanuka yenyewe ikishafika mahali pake.

Basi kwa kazi mpya ilihitajiwa hesabu mpya. Anayekata kwa kuponya aweza kusema tu kwamba amepona au hakupona. Anayekata kwa kutuliza hana budi kuuliza: siku zilizobaki, je, zinatosha kufidia maumivu ya jeraha, na fedha, na majuma ya kulala wodini? Mtu aliyebakiwa na siku kumi hapasuliwi. Aliyebakiwa na miezi kumi hanyimwi. Kwa hiyo makadirio ya uhai si pambo la mazungumzo ya mlangoni. Ndiyo msingi wa uamuzi wenyewe wa kushika kisu, na ajabu ni kwamba msingi huo ulikaa miaka mingi bila kupimwa.

Kwa muda mrefu kukadiria kulihesabiwa kuwa kipaji. Kitabu cha Wayunani kihusucho kubashiri mwendo wa ugonjwa, ambacho kimewekwa kwa jina la Hippocrates, kiliwafundisha waganga kwamba ajuaye kubashiri huaminiwa na watu, tena halaumiwi mgonjwa akifa. Shauri hilo ni la busara kwa mganga. Halisemi habari za mgonjwa sana. Mwaka 1972 Colin Murray Parkes wa Uingereza alilinganisha makadirio ya waganga na wauguzi na siku walizoishi kwa kweli wagonjwa wa saratani waliokuwa karibu na mwisho. Aliona makadirio hayo si ya kutegemewa, na makosa mengi yalielekea upande mmoja: wa kuzidisha.

Kipimo kilichojulikana zaidi kilitoka Chicago, kikachapishwa mwaka 2000 na Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont. Waganga 343 waliulizwa juu ya wagonjwa 468 waliokuwa wakiingizwa katika huduma ya watu wanaokaribia kufa, wengi wao wakiwa na saratani. Makadirio yaliyokaribia kweli yalikuwa 20 katika kila 100. Waliozidisha siku walikuwa 63, waliopunguza 17. Kwa jumla waganga walikadiria uhai mrefu mara tano na zaidi kuliko ulivyokuwa. Na tena, kadiri mganga alivyomfahamu mgonjwa kwa muda mrefu zaidi, ndivyo alivyozidi kukosea. Waganga hao hawakuwa wapasuaji peke yao, lakini sioni kwamba mwenye kisu angekuwa salama zaidi. Yeye ndiye aliyeweka mkono wake katika kazi hiyo, na mkono uliofanya kazi hutaka kazi idumu. Mwaka 2003 Paul Glare na wenzake walikusanya uchunguzi wa namna hii kutoka mahali mbalimbali wakapata kwamba kadirio la kati lilikuwa siku 42, na uhai wa kati ulikuwa siku 29. Lakini waliona pia kwamba makadirio hayakuwa upuuzi: aliyekadiriwa siku chache kwa kawaida ndiye aliyetangulia. Waganga wanajua kupanga nani mbele na nani nyuma. Fimbo yao ya kupimia ndiyo ndefu mno.

Kwa upande wa swali la kwanza, lile la nafuu, habari ni njema zaidi. Katika hospitali moja kubwa ya saratani mjini New York, wapasuaji walifuatilia kazi 1,022 za kutuliza, wakaeleza matokeo mwaka 2004: wagonjwa 80 katika 100 walipata nafuu ya yale yaliyokuwa yakiwasumbua, ijapokuwa 11 katika 100 walikufa ndani ya siku 30. Hapo waona tena yale niliyoyaona Bunda. Kisu hutimiza ahadi yake ya nafuu. Kinachokosea ni kalenda.

Sasa nirudi pande zetu za Ziwa Viktoria, maana hapa pana kisa ambacho mpasuaji alikosea kwa upande mwingine, na kukosea huko kukawa heri. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenziwe Hugh Trowell amtazame mtoto mwenye uvimbe katika taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Alipekua daftari, akakuta wengine wengi. Mwaka 1958 aliandika habari za uvimbe huo katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari pamoja na waganga wawili marafiki zake, maili 10,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akipita hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza: Mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Akachora ramani ya uvimbe huo, nayo ikaonyesha nchi za joto na mvua, kama mwambao wa ziwa letu.

Kama mpasuaji, Burkitt hakuwa na la kutoa. Uvimbe ule hukua kwa siku, si kwa miezi. Kukata taya kulimharibu mtoto bila kumwokoa, na Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Kila mwenye akili angekadiria kifo cha karibu. Akajaribu dawa, kwa kipimo kidogo, pasipo kutumaini zaidi ya nafuu: methotreksati, siklofosfamidi na nyinginezo. Baadhi ya watoto walipokea dozi moja au mbili tu, kisha wakachukuliwa na wazee wao kurudi vijijini. Kwa hesabu ya kawaida walikwenda kufa. Lakini mwaka 1967 Burkitt aliweza kuandika juu ya watoto waliokuwa hai miaka mingi baada ya dozi hizo moja au mbili. Namwomba msomaji asimame hapa kidogo. Ili mtu aandike kwamba mtoto fulani yu hai baada ya miaka mingi, lazima pawe na mtu aliyeuliza. Dawa ndiyo iliyowaponya watoto, lakini kadirio lilisahihishwa na aliyeuliza.

Mkoa wa Mara una sehemu yake katika habari hizo. Katika hospitali ya Wamenoni ya Shirati, kaskazini ya Musoma, ambako siku hizi ni wilaya ya Rorya, wagonjwa wa uvimbe wa Burkitt waliandikwa kwa uangalifu, na mganga Glen Brubaker alihusika sana. Kuanzia mwaka 1977 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liligawa klorokwini kwa watoto wa North Mara ili lione kama kupunguza malaria kutapunguza uvimbe ule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 hayakukata shauri: uvimbe ulipungua, lakini kupungua kulianza kabla ya vidonge kugawanywa, na malaria yenyewe ilikuwa imeanza kuizoea dawa. Sikuyataja haya kwa ajili ya klorokwini. Nimeyataja kwa sababu yanaonyesha kwamba hapa kwetu, penye barabara za vumbi na pasipo simu za mkononi, watu waliwahi kufuatwa na kuhesabiwa, na majina yao yakajazwa katika safu zake.

Jirani yetu mwingine ni Tenwek, hospitali iliyoko Bomet, magharibi ya Kenya. Huko saratani ya umio ni nyingi, na wagonjwa wengi hufika wakiwa hawawezi kumeza hata mate. Wapasuaji wa Tenwek waliwawekea mirija ya kupanuka, na mwaka 2009 walitoa habari za wagonjwa 951. Kwa wale waliofuatiliwa vya kutosha, uhai wa kati ulikuwa siku 250 hivi, muda mrefu kuliko wengi walivyozoea kutarajia kwa mtu asiyepewa tiba nyingine. Lakini waliofuatiliwa vya kutosha walikuwa sehemu tu ya wote. Wengine walirudi makwao, na njia ikawafunika.

Hapa ndipo fikira zangu zilipofika baada ya kusoma haya yote, nami naieleza kama rai ya mtu asiye mganga. Mpasuaji aliyenijibu mwaka 2011 hakukosa elimu. Alikosa majibu. Fikiri jinsi anavyojifunza: anapasua watu kutoka Musoma, Bunda, Butiama, Ukerewe, kila mmoja anarudi kwao kwa basi. Baada ya miezi miwili baadhi wanarudi kliniki. Ni akina nani? Ni wale wenye nguvu za kupanda basi. Waliokufa hawaji kliniki, na jamaa zao hawana sababu ya kulipa nauli kwenda kumwambia mpasuaji kwamba fulani amefariki. Basi mbele ya macho yake hupita walio hai peke yao, mwaka baada ya mwaka, na kumbukumbu yake hujaa watu walioishi mwaka mmoja. Akiulizwa mlangoni husema kile alichokiona. Ni kama mvuvi anayekadiria samaki wa ziwa kwa wale walionaswa na wavu wenye matundu makubwa.

Nimesikia watu wakisema kwamba waganga huzidisha siku kwa huruma tu, na kwamba ni uungwana. Kwa sehemu ni kweli, na mimi sipendi mganga mkavu. Lakini huruma hiyo ina gharama ambayo mwenye kuitoa haioni. Wazee wetu hawaiogopi habari ya kifo kama tunavyowadhania. Wanachoogopa ni kufikiwa kabla ya kusema. Mkoa mzima unakumbuka Oktoba 1999. Mwalimu Nyerere alijulikana kuwa na saratani ya damu tangu mwaka uliotangulia, na bado aliendelea na kazi ya kuwapatanisha Warundi kule Arusha. Alifariki London tarehe 14 Oktoba, akazikwa Butiama tarehe 23. Ugonjwa wake haukuwa wa kisu, wala sitaki kuubebesha hoja yangu. Nilikuwa kijana wakati huo, na nalikumbuka jambo dogo tu: nyumbani kwetu, kabla ya siku hizo, neno saratani lilinong'onwa. Baada yake lilitajwa kwa sauti, na baba mkubwa alikuwa miongoni mwa walioketi kando ya redio wakilitaja.

Mwaka 2013 nilimwandikia barua yule mpasuaji. Sikumlaumu. Nilimkumbusha jina la mgonjwa, kijiji, na mwezi wa upasuaji, nikampa tarehe ya kufariki, nikasema kwamba kazi ya mikono yake ilikuwa njema na kwamba siku zilikuwa 61. Sikutaja habari ya Mtwara. Nilikaa wiki kadhaa nikijuta, nikidhani nimemvunjia mtu heshima.

Jibu lilikuja kwa mkono wa muuguzi mmoja mwenyeji wa Butiama aliyekuwa anakwenda likizo. Karatasi ilikuwa nusu ukurasa. Mpasuaji aliandika kwamba amelitafuta daftari la mwaka ule, na kwamba katika mstari wa mzee wetu maneno ya mwisho yalikuwa “ameruhusiwa, hali nzuri”. Baada ya hapo safu ilikuwa tupu, na safu za juu yake na za chini yake zilikuwa tupu vile vile, isipokuwa chache. Ameandika tarehe niliyompa. Kisha akaniuliza kama naweza kumsaidia kwa jambo moja: mzee alikuwa akila bila kutapika hadi lini?

Nilimwuliza mama mkubwa. Alifikiri, akahesabu kwa siku za soko. Akasema ni hadi wiki ya saba, Jumatano. Siku hiyo alikunywa uji wa ulezi, akabakiza nusu kikombe, akasema atamalizia baadaye. Nikaandika hivyo, nikamrudishia muuguzi alipokuwa anarejea kazini.